Rangi Iliyo Ndani ya Udongo

Mama yake Sekela alipofika Goba kutoka Ikombe, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hata begi hakulitua. "Hicho kidude chako kinachozunguka kiko wapi?" aliuliza.

Kwao Ikombe wanawake hufinyanga vyungu kwa viganja na subira. Sekela aliolewa mjini, lakini mikono yake haikusahau udongo. Mumewe Gibson, fundi wa mashine za kufulia, alimuundia gurudumu la kufinyangia kwa mota kuukuu, naye akajifunzia uani.

Kilichomnyima usingizi ni rangi. Hakutaka kuipaka, alitaka itoke kwenye udongo wenyewe. Akachukua udongo mweupe wa Pugu, mwekundu wa kilimani kwake, na mwingine alioukanda na unga wa buluu, akaupanga tabaka juu ya tabaka, akauweka kwenye gurudumu. Kumbe kila udongo una tabia yake! Mmoja ukiwahi kukauka, mwenziwe unachelewa, na chombo kinapasuka tanurini. Mwaka mzima alizoa vigae. Akachuja, akapunguza, akaongeza, mpaka siku moja tanuri likampa chombo cha maua kizima, kirefu, chenye shingo nyembamba, mawimbi ya rangi yamekizunguka tangu kitako hadi mdomo. Alikaa chini, akacheka peke yake.

Hicho ndicho alichomwekea mama yake mezani.

Mama akakigeuzageuza, akakigonga kwa ukucha. Kililia vizuri. "Kizuri," alisema. "Ila umekipaka rangi. Hata sisi tunapaka."

"Sijapaka, mama."

"Sekela, mimi nimezaliwa kwenye vyungu. Usinidanganye."

Sekela alikichukua chombo kile kile, na hakuwa na kingine, akakipiga kwenye ngazi ya baraza. Gibson, aliyekuwa mlangoni, alishika kichwa.

Akamkabidhi mama kigae kimoja. Pale kilipovunjikia, nyeupe, nyekundu na buluu zilikuwa zimepita unene wote, nje hadi ndani. Mama akalowesha kidole kwa mate, akasugua. Akasugua tena.

"Mwanangu," alisema, "unavunjaje kitu kama hiki?"

"Nitafinyanga kingine. Njia naijua sasa."

Mama akaahirisha safari ya kurudi Ikombe. Kila asubuhi aliketi kwenye kigoda kando ya gurudumu akitazama, na mara nyingine akikanda udongo bila kuombwa. Chombo kipya kilipotoka tanurini, kilikipita cha kwanza kwa uzuri. Jumapili akakibeba mwenyewe kukipeleka kanisani, akakataa kusaidiwa.

Njiani, Sekela akimfuata nyuma, akakutana na jirani yao, Marietha. "Shikamoo, bibi. Jamani, mmekinunua wapi?"

"Marahaba. Hiki hakikununuliwa," mama akajibu kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Kakifinyanga Sekela, huyo anayekuja nyuma. Na rangi hiyo hakupaka, imo humo humo kwenye udongo! Njoo ushike."

Sekela, nyuma yao, alipunguza mwendo makusudi ili ayasikie yote kabla ya kuwafikia.