Yungiyungi la Mwalimu Suleiman

Mwalimu Suleiman alistaafu kufundisha lakini hakustaafu kusahihisha, na Msambweni nzima ilimjua kwa hilo. Ukithubutu kusema "nyumba mingi" mbele yake, ungesimamishwa barabarani hadi ngeli zikutoke puani. Aliwahi kuinuka mazikoni, jeneza halijatoka uani, akamkatiza msoma tangazo aliyesema marehemu ameacha mke moja. "Mmoja," akasema Mwalimu, na mjane analia pale pale. Wafiwa walimvumilia. Watu wa Pwani huwavumilia mno watu wa aina hii, ndiyo maana wanaota mapembe.

Jumamosi moja asubuhi akaja Nafula. Nafula ni daktari wa wanyama, mzaliwa wa Bungoma, mwenye kliniki ndogo pale Ukunda. Mkononi alikuwa na karatasi ya Kiingereza yenye orodha ya maua yanayoua paka, kila ua na picha yake, na alitaka kuibandika kuanzia Diani hadi Vanga.

"Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa wewe ndio msee wa Kiswahili huku. Ukinitafsiria hii kitu, tutasave paka wengi sana."

"Marahaba. Kitu hiki," akasema Mwalimu, "si hii kitu. Na mimi si msee. Lete."

Aliipokea karatasi kwa vidole viwili, kama mtu anayepokea soksi, lakini moyoni alikuwa amevimba kwa furaha. Alitoa sharti moja tu, kwamba chini paandikwe kwa herufi kubwa: Imetafsiriwa na Mwalimu Suleiman. Nafula akakubali, akaenda zake.

Mwalimu akaketi mezani. Mezani palikuwa na jagi la maua. Subira, binti yake anayefanya kazi katika hoteli moja ya Diani, aliyaleta jana yake, baada ya Wazungu fulani kumaliza arusi yao ufukweni na kuyaacha. Yalikuwa maua makubwa meupe, yamefunguka kama tarumbeta, na katikati yake vijiti vyenye unga wa manjano iliyoiva. Bi Hanifa, mkewe, aliyatazama sana akauliza ni ya kazi gani. Asumini huvaliwa nywelani, kilua hutiwa nguoni, afu hutandazwa kitandani. Haya je?

"Ya kutazamwa," akajibu Mwalimu. "Meza ya msomi huwa na maua."

"Makubwa," akasema Bi Hanifa, akarudi jikoni.

Kando ya jagi, juu ya kamusi, alilala Liwali. Huyu alikuwa paka wa Bi Hanifa, dume nene aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kufanya kazi yoyote na kila mtu alimtumikia. Bi Hanifa alimwokota mwaka ule Subira alipohamia Diani na nyumba ikapoa. Tangu hapo alikuwa akizungumza naye kutwa nzima, kwani Liwali alisikiliza bila kukatiza. Mumewe hakujaliwa kipaji hicho.

Mwalimu alitafsiri mbio mbio hadi akafika kwenye ua lililotajwa kuwa baya kuliko yote: lili. Akaivuta kamusi chini ya tumbo la Liwali, akapekua, akasoma: yungiyungi. Neno tamu lilioje! Na yungiyungi nani asiyelijua? Huota majini, likaelea juu ya madimbwi na mabwawa. Kwenye karatasi ya Nafula, pembeni mwa jina la ua hilo, palikuwa na picha, lakini Mwalimu hakuitazama. Picha, kwa maoni yake, ni za watu wasiojua kusoma.

Akaandika: "Yungiyungi, ua la majini. Hata unga wake, paka akiulamba, huharibu figo." Kisha, kwa kuwa mtaalamu hakosi la kuongeza, akaongeza lake: "Wenye paka wasiwaache waogelee mabwawani." Akakuna kidevu, akaridhika. Liwali, ambaye hata manyunyu yalimkimbiza chini ya kitanda, alijinyoosha, akajisugua kwenye maua, akaanza kujilamba manyoya. Mwalimu akaipiga picha tafsiri yake, akaituma kwa simu, na Nafula, kwa kumwamini, akaipeleka kuchapishwa bila kuisoma.

Jumapili asubuhi Liwali alitapika, mara ya kwanza sebuleni, mara ya pili ndani ya kiatu cha Mwalimu. Bi Hanifa akamwekea kipande cha samaki, tena changu. Liwali akakipa kisogo. Hapo Bi Hanifa akaogopa kweli, akamshikilia mumewe hadi akampigia daktari.

"Mwalimu, kwa nyumba kuna lili?" Nafula akauliza moja kwa moja.

"Nyumbani, si kwa nyumba. Hakuna. Nyumba yangu haina bwawa."

"Bwawa? Hapo sijakupata. Hakuna maua kama zile ziko kwa picha?"

"Kama yale yaliyo pichani," akasema Mwalimu. "Hakuna." Na picha yenyewe alikuwa bado hajaitazama.

Nafula akafikiri, akasema basi pengine ni samaki aliyechacha. Wampe maji, wamchunguze, na akizidi wampeleke Ukunda upesi. Yeye mwenyewe angefika Msambweni Jumanne kubandika matangazo.

Jumatatu Liwali hakuinuka. Bi Hanifa alimpakata, akamfuta uso kwa ncha ya leso, na ncha ikatoka na manjano. Akaitazama leso. Akalitazama jagi. Kisha akaichukua ile karatasi. Kiingereza hakukijua, shule aliiachia darasa la nne, kwa hiyo akafanya kile ambacho mumewe hakukifanya: akatazama picha.

"Baba Subira, ua hili si ndilo hili?"

Mwalimu akaitazama picha kwa mara ya kwanza, akalitazama jagi, akaona ndilo. Nafasi ilikuwepo. Angesema nimekosea, akapiga simu, ikaitwa tuktuk, na Ukunda si mbali. Lakini matangazo yalikuwa yameshachapishwa yakiwa na jina lake chini. Yeye aliyemsahihisha mtu hadi mazikoni, leo asimame aseme yungiyungi si yungiyungi? Aliona aibu, na aibu ile aliiogopa kuliko alivyomwonea huruma paka. Huo ndio ukweli wake, na alijua hivyo palepale alipokaa.

"Yanafanana tu," akasema. "Hilo la pichani ni yungiyungi. Kamusi iko wazi."

"Siiulizi kamusi. Nakuuliza wewe."

"Daktari ameshasema ni samaki, Hanifa. Na kesho anakuja."

Lile la akizidi wampeleke upesi hakulitaja. Bi Hanifa aliyachukua maua akayatupa jaani bila kuomba ruhusa, kisha akangoja. Alikuwa ameolewa miaka thelathini na tano, na mtu huzoea kuamini.

Jumanne Nafula alifika, matangazo ameshayabandika sokoni, ambako Feisal muuza nyama alikuwa akiwauliza wateja kama wamewahi kumwona paka anayeogelea. Akampapasa Liwali, akamnusa mdomo. Alipoinua macho akayaona maua yaliyonyauka pale jaani.

"Mwalimu, hizo ndizo lili. Ungeniambia Jumapili, tungemweka dripu. Sasa figo zimeisha."

Liwali alikufa kabla ya alasiri, mapajani mwa Bi Hanifa. Bi Hanifa alilia kwa sauti na hakumficha mtu machozi yake. Majirani waliosikia kilio wakaingia wakidhani kafa mtu, na walipoambiwa ni paka hakuna aliyecheka. Walimgeukia Mwalimu. Mwalimu alikuwa akiutazama ukuta.

Nafula akatoa kalamu. Matangazo yote ilibidi yachapishwe upya. "Basi nyinyi watu wa huku, hii ua mnaitaje?"

Hii ua! Hakuna aliyesahihisha. Mwalimu alifungua kinywa, akapekua kichwani kamusi nzima, akakifunga.

"Andika mwalimu," akasema Bi Hanifa.

"Mwalimu?"

"Ndiyo. Mwalimu ni ua kubwa jeupe la mahotelini. Usiliweke ndani ukiwa na paka."

Nafula alidhani ni neno la Kidigo, akaandika.

Matangazo yamebandikwa hadi Vanga. Hata huko Kombani, mtu akionekana na ua jeupe la arusini huulizwa, "Hilo mwalimu unalipeleka wapi, kwenu hamna paka?" Hilo mwalimu! Ngeli inavunjwa mchana kweupe, na Mwalimu Suleiman hupita akitazama chini. Bi Hanifa humpikia kama kawaida, na kila asubuhi humwamkia. Ila Baba Subira hamwiti tena. Humwita Mwalimu, na yeye huitika.