Barua Iliyofunga Msumeno

Mtaa mzima ulimwita Kamusi, naye jina hilo alilivaa kama kilemba, bila kujiuliza kama ni cha ukoka. Alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine iliyokohoa kila ikiamshwa, na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa mlangoni akipanga karatasi na kumchokoza. Barua yoyote ya Kiingereza iliyoingia mtaani ilipita kwanza mezani kwa Kamusi, ndipo mwenyewe ajue kama afurahi au alie.

Jumatano asubuhi aliingia fundi wa vitanda, mwenye karakana ya uchochoro wa nyuma, maranda yamemkaa nywelini kama mvi za mapema.

"Dada, nisaidie. Ofisi ya ukaguzi wa karakana imeniandikia. Mimi nimeambulia 'join' tu. Nikasema basi, wanaulizia kuunga mbao, kazi yangu hiyo."

"Si 'join', fundi. Ni 'enjoin'," alisema Kamusi, akivaa miwani taratibu, maana watu watatu kwenye foleni walikuwa wametega masikio.

Barua ilisema mkaguzi atafika kesho saa nne. Halafu likaja neno hilo, na mbele yake habari za kuendesha msumeno mpya wa umeme mkaguzi akiwapo. Kamusi hakusumbuka. Zamani, alipokuwa akimchapia wakili, alikutana na neno hilo kwenye amri ya mahakama: bwana mmoja alizuiwa kujenga ukuta.

"Umekatazwa," akakata maneno. "Usiuwashe msumeno mbele ya mkaguzi. Hili neno la kimahakama, si la kuchezea."

"Hata kwa kuujaribu?"

"Hata kuugusa."

Fundi alishukuru mara mbili, akaenda zake. Wifi mtu alimsindikiza kwa macho, kisha akamgeukia Kamusi.

"Wifi, na ile kamusi ya kabatini tumeiweka mende wazalie humo?"

"Ya nini, na mimi nipo?"

Kesho yake, saa nne kasoro, duka lilikuwa tupu. Wifi, kwa kutafuta la kumchokozea mwenzake, aliishusha ile kamusi, akaipuliza vumbi na kulitafuta neno. Akasoma. Akarudia, safari hii bila kucheka.

"Wifi, hebu njoo. Hapa wanasema ni kuagiza."

"Kuagiza?"

"Kuagiza, kuamuru. Halafu chini yake, namba mbili, kukataza."

Kamusi alimpokonya kitabu. Kweli: neno moja, maana mbili zilizopeana mgongo. Mifano ilikuwa wazi. Likifuatwa na 'to', umeamriwa ufanye. Likifuatwa na 'from', umekatazwa. Amri ya wakili ilikuwa na 'from'. Na ya fundi? Alifumba macho aione tena ile karatasi. Ilikuwa na 'to'.

"Mama yangu! Nimemponza mtoto wa watu!"

Alitoka mbio na ndala miguuni, kamusi kwapani.

Karakanani alikuta msumeno umefunikwa shuka na kuzungushiwa kamba. Mbele yake alisimama fundi, mikono ameitandaza kama golikipa, na mbele ya fundi alikuwa mkaguzi, mama wa makamo mwenye faili, uso umekunjamana. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni.

"Mama, nakuheshimu," fundi alikuwa akisema, "lakini siuwashi. Barua yenu wenyewe imenikataza."

"Barua yetu inakutaka uuwashe!"

"Niuwashe, halafu mseme nimevunja amri? Mimi si mtoto wa jana."

"Basi naandika kwamba umekataa kukaguliwa," mkaguzi akasema, akafungua kalamu.

Nafsi ilimwambia Kamusi amvute fundi kando, amnong'oneze, yaishe kimyakimya. Lakini kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Usiandike, mama!" akapaza sauti. "Kosa si lake, ni langu. Nilimsomea vibaya. Nilijifanya najua."

Uso ukimwaka, aliifungua kamusi mbele ya wote, akaeleza ile 'to' na ile 'from'. Fundi alishusha mikono polepole.

"Kumbe ni kama kuhama na kuhamia," akasema. "Herufi moja tu, lakini mmoja anatoa godoro, mwingine anaingiza."

"Hivyohivyo, fundi."

Mkaguzi alikichukua kitabu, akapitisha kidole kwenye mistari. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka faili likamponyoka.

"Barua hii nimeikuta ofisini," alisema akijifuta machozi. "Mimi nabadilisha jina na tarehe tu. Mwezi uliopita karakana mbili ziligoma kuwasha mashine, nikasema hawa watu wana kiburi! Sasa hapo kwa Kiswahili tungeandikaje?"

"Tafadhali washa msumeno mkaguzi akiwapo," Kamusi akajibu.

"Basi?"

"Basi."

Kufungua kamba kulichukua dakika kumi, maana fundi alikuwa amekaza mafundo ya kufungia mizigo ya safari. Msumeno ukanguruma, ubao ukapasuka umenyooka. Mkaguzi alikagua kinga ya meno, akatazama mtungi wa kuzimia moto, akasaini kibali.

Watu walipotawanyika, Kamusi alibaki akikwepa macho ya fundi. "Unisamehe. Nimekuaibisha."

"Mimi? Dada, ungenyamaza nani angejua? Umekimbia na ndala mpaka hapa ukajishtaki mwenyewe." Akamsogezea kigoda. "Kaa kwanza, pumzi ikurudie."

Aliporudi dukani alikuta foleni ya watu wanne, na wifi yake amesimama katikati yao, kamkamata mwalimu mstaafu mmoja kwa kiwiko, anamfafanulia 'enjoin' kwa sauti ya mtu aliyezaliwa nalo. Kamusi aliweka kile kitabu mezani, akamwacha wifi amalize.