Waya wa Ethi

Isidori alileta pikapu ya marehemu baba yake gereji kwangu, mtaa wa Gerezani, siku ya Alhamisi asubuhi, ikivutwa kwa kamba. Hakushuka. Alibaki ameshika usukani, anaangalia mbele kama bado anavutwa.

"Shikamoo, fundi Uwesu."

"Marahaba. Pole sana, mdogo wangu."

"Pole nimepewa za kutosha. Nataka uniambie ilizima kwa nini."

Baba yake, Mzee Aaron, aliuza misumari na bati Kariakoo miaka arobaini, na pikapu ile nilimtunzia mimi. Jumatatu jioni, mvua inanyesha, ilimzimikia Jangwani. Taa zote zilikufa kwa mpigo mmoja. Akashuka afungue boneti. Lori lililotoka nyuma halikumwona. Pikapu yenyewe haikuchubuka hata rangi.

"Kesho saa mbili tunampeleka Rombo kuzika," Isidori alisema. "Alishasema siku yake ikifika atarudi nyumbani na gari yake, hataki gari ya kukodi. Kwa hiyo itembee. Lakini kuna hili." Akaingiza mkono chini ya dashibodi, akanionyesha kiboksi cheusi. "Hii traka nimeifunga mimi. Wiki tatu zilizopita, kwa mkono wangu, naangalia video kwenye simu. Mzee alikuwa ameanza kupotea njia, nikataka nijue yuko wapi. Kama hii ndiyo imezima gari, basi mimi ndiye nimemuua baba. Usinifiche, fundi."

Nitasema kama ilivyokuwa: nilitaka iwe traka.

Nikachomeka mashine ya kupimia. Ikasoma makosa kumi na manne. Injini, breki, usukani, gia, chaji ya betri, kila kitu kinalalamika. Dashibodi yote inawaka, nyekundu na njano.

Ramadhan, fundi injini wa banda la pili, akapita na spana yake. "Uwesu, hiyo dashibodi au harusi ya Kinondoni?"

"Kuna msiba hapa," nikamwambia.

"Astaghafirullah. Nisamehe, ndugu yangu." Akamshika Isidori bega, akampeleka kwenye benchi akae.

Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini hili nalijua. Vitu kumi na vinne haviharibiki siku moja. Gari ikilalamika kila mahali, ujue vyote vinakunywa umeme sehemu moja, na ni hapo penye ubovu. Fundi wa haraka angeanza kubadilisha sensa moja moja mpaka Krismasi.

Nikaichomoa traka. Nikafuta makosa, nikawasha. Yakarudi yote kumi na manne. Nikaangalia alivyounga zile waya zake. Kazi mbaya, ya mtu asiyejua, lakini haikuunguza kitu.

Nikachukua mita. Mguu wake mmoja nikauweka kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha chini ya dashibodi. Hapo mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Nikawasha taa na feni. Ikasoma volti tatu, ikashuka, ikapanda nne, inacheza. Maana yake umeme unaingia vizuri, lakini unakosa njia ya kurudi. Njia hiyo ni waya wa ethi. Ethi ikilegea, kila kompyuta ya gari inaona mwenzake ndiye mgonjwa, inamwandikia kosa. Ikikatika kabisa, gari inakufa na taa zake.

Nikang'oa kiti cha abiria, nikakunja kapeti. Niliufuata waya kwa vidole, maana mkono ulikuwa unajua unakokwenda kabla yangu. Karibu na bolti ya bodi nikagusa mpira.

Ukanda wa tyubu nyekundu ya baiskeli, umezungushwa, umefungwa mafundo matatu.

Gerezani nzima wanaijua raba ile. Tepu ya dukani inayeyuka kwa joto la Dar, gundi inatoka, kwa hiyo mimi nafunga kwa raba nyekundu. Nilikuwa najisifu nayo.

Nikakumbuka yote. Miaka miwili nyuma, mafuriko ya Jangwani, gari kumi na mbili zimezama na zote ziko kwangu. Ethi ya Mzee Aaron ilikuwa imeoza mwishoni. Nikaikata, nikaunga kipande, nikasokota kwa mkono, nikafunga raba. Kiungo cha ethi kinatakiwa kichomewe risasi, ile ya kuyeyusha, kila fundi anajua. Nilisema nitakichomea Jumatatu. Sikukichomea.

Alikuja mara tatu baada ya hapo. "Uwesu mwanangu, zimewaka tena." Kila mara nilichomeka mashine, nikafuta makosa, taa zikazimika, tukacheka. Mara ya mwisho nilimwambia, "Mzee, gari hii inakuonea wivu tu."

Nikaifungua raba. Ndani ilikuwa unga wa kijani na nyuzi tatu za shaba.

Ramadhan alikuwa amesimama mlangoni. Aliiona raba, akaniangalia mimi. Akasema kwa sauti ya chini, "Itupe. Sema ni maji ya Jangwani. Wala si uongo."

"Wala si uongo," nikasema.

Isidori akaja, ile traka mkononi. Alikuwa analia bila sauti.

"Ni hii, eh?"

"Siyo hiyo. Ni maji. Yale mafuriko."

"Unanihurumia."

"Sikuhurumii."

"Unanihurumia, fundi! Mafuriko ya mwaka juzi, gari izime juzi? Mimi nimefunga hii wiki tatu tu. Sema ni mimi, basi, nijue. Nikishabeba jeneza lile, nani ataniambia ukweli?"

Angeamini hivyo mpaka anakufa. Nikanyoosha mkono, nikampa raba.

"Hii ni ya nani, muulize Ramadhan. Ni yangu. Niliunga ethi ya baba yako kihuni, bila kuichomea risasi, nikaiacha. Wewe hujafanya kitu."

Ramadhan akainamisha kichwa, akaondoka.

Isidori aliigeuza ile raba, anatafuta kitu ndani yake. "Alikuja kwako mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukafanya nini?"

"Nilifuta makosa."

"Nilimwambia abadilishe fundi," alisema. "Alinigombeza. Akasema Uwesu ameshaangalia."

Nilingoja anipige. Niliweka hata mita chini. Hakunipiga.

"Chomea risasi," akasema. "Kesho utapanda nyuma, na yeye. Ikizima njiani, utashuka wewe."

Niliweka waya mpya, nikauchomea risasi ncha zote mbili, nikakwangua bodi mpaka chuma kikang'aa. Makosa kumi na manne yakaondoka. Kazi ya saa moja na nusu.

Asubuhi jeneza lilipakiwa, nikapanda. Mjane wa Mzee Aaron, Mama Candida, akaja pembeni ya bodi na sweta ya kahawia.

"Fundi, Rombo kuna baridi, wewe mtu wa pwani. Vaa hii, ilikuwa yake. Alikuwa anakusifu sana, mwanangu. Mungu akubariki kwa kuitengeneza gari yake."

Isidori alikuwa kwenye usukani, kioo wazi. Alisikia. Aliwasha gari.

Niliivaa. Ilininyima pumzi shingoni lakini sikuivua. Tukapita Chalinze, tukapita Korogwe, tukapita Same, mguu wangu umegusana na mbao za jeneza. Kila ilipopunguza mwendo niliomba izime, nishuke mimi barabarani. Haikuzima hata mara moja.