Birika la Chai Kwenye Mkutano Mkuu

Mimi sijui kusoma hesabu za kampuni. Shemeji yangu Jayanti anajua, na ndiyo maana amepata hasara mara nne.

Ninachojua mimi ni usafi. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa msimamizi wa chumba cha kusafishia vifaa katika hospitali moja hapa Ahmedabad. Kila mkasi, kila koleo, kila shuka ya upasuaji ilipita mikononi mwangu kabla ya kwenda kwa daktari. Tulivifunga vifaa kwa kitambaa, tukabana kwa utepe wa gundi wenye mistari myeupe, tukavitia ndani ya mashine ya mvuke. Joto likitosha, mistari inageuka myeusi. Isipogeuka, furushi linarudi. Daktari awe na haraka, awe anapiga kelele, awe amesomea London, furushi linarudi. Walinichukia sana, na wagonjwa wao walipona.

Utepe wenyewe ulitoka Pavanrekha, kampuni ya papa hapa Gujarat, ya mzee mmoja aitwaye Manharbhai. Miaka yote ile haukunidanganya hata siku moja. Kwa hiyo nilipostaafu na kupewa kiinua mgongo, nilinunua hisa za Pavanrekha. Sikununua kingine chochote.

Jayanti alishika kichwa. Yeye ni mdogo wa marehemu mume wangu, karani mstaafu wa posta, na kila siku ya kazi utamkuta kwa Ketan, dalali wa hisa, ameketi mbele ya bei zinazopanda na kushuka kana kwamba bila yeye hazitajua njia.

"Shemeji, watu wananunua benki, wananunua saruji," aliniambia. "Wewe unanunua gundi!"

"Gundi naijua. Benki sijawahi kuichemsha."

Enzi za ule ugonjwa wa korona, kila mtu alipokimbilia hisa za kampuni za dawa ya kunawia mikono, Jayanti alinunua kampuni ya mafuta ya nywele iliyogeuka ghafla kutengeneza dawa hiyo. Ugonjwa ulipopungua kampuni ikarudi kwenye mafuta ya nywele, na hisa zake zikawa hazitakiwi hata bure. Pavanrekha ikaendelea taratibu na tepe zake. Mwaka uliofuata Jayanti alinyamaza kimya, akanunua Pavanrekha nyingi kuliko zangu, kisha akaanza kuwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyenishauri.

Niseme wazi hisa zile ni nini kwangu. Pensheni yangu inanilisha. Gawio la Pavanrekha ndilo linaloshikilia nyumba. Ni nyumba ya zamani ya mbao, katika pol yetu, mtaa wa kale kule Khadia, ambako vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba ninajua jirani amepika nini na ameungua wapi. Kila mwaka kuna nguzo ya kukarabati au bati la kubadilisha. Mwanangu Chirag yuko Surat na ana moyo mzuri, lakini alishasema: siku pesa ile ikikatika, mama afunge nyumba, ahamie kwake ghorofa ya tisa. Nilikaa huko mwezi mmoja. Hakuna mtu wa kugombana naye. Nilitaka kufia Khadia, na hisa zile ndizo zilizokuwa zikiniruhusu.

Sasa, wiki moja kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, alinijia Jigna, binti aliyeshika nafasi yangu hospitalini. Alitoa mfukoni mzingo mmoja wa utepe wa Pavanrekha.

"Sista, huu mpya unanitisha," alisema. "Juzi furushi lilisahauliwa nje, juu ya mashine, mahali mvuke unapotokea mlango ukifunguliwa. Ndani halikuingia kabisa. Lakini mistari imekuwa myeusi tii."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwandikia muuzaji. Kanijibu kwamba nishukuru, utepe wao siku hizi una kasi."

"Kasi! Huu utepe au pikipiki?"

"Mimi nimeacha kuutumia, Sista. Lakini hospitali nyingine je?"

Usiku ule sikulala vizuri. Utepe unaogeuka kabla ya wakati ni mbaya kuliko kukosa utepe, kwa sababu unamwambia mtu kitu ni safi naye anaamini. Hata hivyo sikutaka kuiamini habari hiyo. Ilikuwa kama kuambiwa ndugu yako ameonekana akiiba. Nikautia mzingo ule mkobani na kusubiri Jumamosi.

Mikutano mikuu ya kampuni hapa kwetu ina desturi yake. Wanahisa wadogo, wengi wao wastaafu kama sisi, hufika mapema kwa ajili ya sanduku la vitafunio. Wanaotaka kusema hujiandikisha na kupewa namba, kisha mmoja mmoja anasimama kumsifu mwenyekiti mpaka mwenyekiti mwenyewe anaona haya. Mwishoni huomba wapelekwe kukitembelea kiwanda, kwa basi, pamoja na chakula cha mchana. Jayanti amekuwa akizunguka mikutano hiyo tangu miaka ishirini na miwili iliyopita. Siku hiyo alikuwa namba sita.

Nilipofika sikwenda ukumbini. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya chai, palipokuwa na birika kubwa la umeme linalochemka. Maji yanayochemka hayafiki joto la mashine yetu, hata karibu. Utepe mzuri ukae humo saa nzima, utabaki kama ulivyo. Nilikata kipande cha utepe, nikafunua birika.

"Mama, mama! Hiyo ni chai ya watu!" alisema mwenye chai.

"Na mimi ni nani, ng'ombe? Naubandika chini ya kifuniko, hautagusa chai yako."

"Ni dawa ya kienyeji?"

"Ndiyo. Ukiiondoa utaumwa tumbo."

Nikaingia ukumbini, nikasikiliza wasemaji watatu wakimfananisha Manharbhai na jua, mwezi na mto Sabarmati. Kisha nikatoka. Jayanti alikuwa pale mezani akijaribu kupata sanduku la pili, akidai ni la mgonjwa nyumbani. Nilifunua kifuniko. Mistari ilikuwa myeusi, imekolea, mizuri kabisa, kama iliyotoka mashineni.

Jayanti ana makosa mengi lakini si mjinga. Nilimweleza kwa maneno machache, akaelewa, na kachori ikabaki mkononi mwake bila kuliwa.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jigna. Na mimi. Na sasa wewe."

Alinivuta kando ya nguzo. "Shemeji, nisikilize. Leo Jumamosi. Soko linafunguliwa Jumatatu saa tatu na robo asubuhi. Saa tatu na nusu mimi na wewe tumeshauza. Saa nne nenda kaseme, paza sauti, piga ngoma, nitakushikia kipaza sauti mwenyewe. Siku mbili tu!"

Sitajifanya mtakatifu. Nilifikiria. Niliiona nyumba yangu, na ngazi zake, na jirani yangu anayenitukana kila asubuhi kwa sababu ya maji ya kufulia. Nikaona pia lifti ya Surat. Siku mbili ni nini? Watu wanachelewa siku mbili kulipa bili ya umeme.

Kisha nikafanya hesabu ambayo najua kuifanya. Hospitali yangu peke yake ilikuwa ikifungua mafurushi themanini kwa siku. Jumamosi, Jumapili, na hospitali ngapi zinanunua utepe huu? Mtu amelala mezani, tumbo wazi, na muuguzi anatazama mistari myeusi na kusema, haya daktari, tayari.

"Leo kuna watu wanapasuliwa, Jayanti," nilisema.

"Watu wanapasuliwa kila siku!"

"Ndivyo ninavyosema."

Ndani wakaita namba sita. Jayanti akaingia, akashika kipaza sauti na kuanza kama kawaida yake: "Mheshimiwa Mwenyekiti, taa yetu, baba yetu..." Nilitembea katikati ya viti mpaka nikasimama ubavuni pake.

"Sogea," nilimwambia.

Watu wakacheka. Alinitazama kwa macho ya mtu anayeporwa, na alikuwa na haki, maana hisa zake zilikuwa nyingi kuliko zangu. Halafu akasogea. Ile hatua moja sitaisahau.

Nilisema jina langu, kazi niliyofanya, na miaka. Nikasema utepe wao mpya unadanganya, na nimeujaribu kwenye birika lao la chai. Ukumbi ukalipuka. Mmoja alipiga kelele, "Mtoeni huyo, anashusha bei!" Rushabh, mtoto wa mwenyekiti, ambaye sasa ndiye mkurugenzi, aliinama kwenye kipaza sauti chake akitabasamu.

"Mama yangu, tuna vyeti vyote vya maabara. Birika la chai si maabara."

"Ndiyo maana nashangaa, mwanangu. Likafanya kazi ya maabara."

Hapo Manharbhai, ambaye tangu asubuhi alikuwa kama amesinzia, akainuka. Ana miaka themanini na moja. Alishuka jukwaani ngazi kwa ngazi, akanyoosha mkono kuomba mzingo wangu, akasoma namba yake kwa kuusogeza karibu na pua. Kisha akaagiza birika liletwe mbele. Mwenye chai akagoma, akasema wageni hawajanywa.

"Watakunywa baadaye," alisema mzee. "Nami nitakunywa baadaye."

Alikata kipande kwa mkono wake, akakibandika chini ya kifuniko, akavuta kiti na kuketi karibu na birika. Akaangalia saa. Watu mia tatu tukalitazama birika la chai. Rushabh alijaribu kusema jambo, baba yake akainua kidole kimoja bila kugeuka. Saa ya chakula ikapita. Dakika ya ishirini mzee alifunua mwenyewe, akatazama kwa muda mrefu.

"Tulibadilisha nini?" alimuuliza mwanawe.

"Wino," alisema Rushabh. Alionekana kama mtoto wa darasa la pili. "Mwaka jana. Ule mwingine ulikuwa ghali."

Mzee akaomba simu. Mbele yetu sote akampigia meneja wa kiwanda: mashine zisimame, kila mzingo wenye wino ule urudishwe, na kila hospitali ipigiwe leo, si kesho, leo. Aliponipita akiondoka alikutanisha viganja vyake kifuani na kuniinamia. Sikujua kama nimemuokoa au nimemzika.

Jumatatu bei ilianguka kama gunia. Chirag alipiga simu kabla sijamaliza kuswaki. "Mama, umefanya vizuri, najivunia," alisema, na papo hapo akaongeza kwamba chumba cha wageni kimepakwa rangi. Kusema ukweli ni rahisi Jumamosi. Jumatatu ndiyo kazi. Nilimwita Jayanti, nikamwambia aende kwa Ketan auze zangu zote kabla hazijaisha thamani. Aliitikia tu, akaenda.

Alirudi mchana, akaketi kwenye bembea ya sebuleni na kutazama vidole vya miguu yake.

"Umeuza kwa ngapi?"

"Sijauza."

"Jayanti! Pesa ni yangu au ya babako?"

"Ni yako. Nigombeze, nipige ukitaka." Aliinua macho. "Nimenunua. Zangu mimi, nimeongeza. Zako sikugusa."

Nilishika mnyororo wa bembea, ikasimama.

"Shemeji, miaka ishirini na miwili nakwenda mikutano ile," alisema. "Nimekula kachori za wenyeviti mia. Wamenionyesha chati, wamenionyesha filamu za viwanda. Sijapata kuona mwenyekiti anashuka, anaacha chakula chake, anaketi dakika ishirini kungojea kujua kama yeye ni mwongo. Huyo mtu nimuuze mimi? Kwa nani?" Akanisukumia simu yake. "Lakini hisa ni zako. Namba ya Ketan hiyo. Uza mwenyewe."

Nilipiga. Ketan aliitika huku nyuma yake watu wakibishana, nami nikajitaja.

"Ah, Kokilaben! Pole sana, Pavanrekha imekwisha leo," alisema. "Kuna bibi mmoja mwehu, hata sijui ametoka wapi, kaenda mkutanoni kupika utepe kwenye birika la chai. Watu hapa wakimpata watamla nyama."

Nilimtazama Jayanti. Alikuwa amefunika uso kwa mikono, mabega yakicheza kwa kicheko. Asubuhi nzima alikuwa ameketi katikati ya watu wale bila kutamka jina langu.

"Bibi huyo ametoka Khadia," nilimwambia Ketan, "na haendi popote. Hisa zangu ziache hapo hapo zilipo."