Wapangaji wa Run

Jana baada ya chakula cha mchana niliota, na naomba nisikilizwe mpaka mwisho kabla mtu hajasema kwamba nilishiba kupita kiasi. Kushiba nilishiba. Hilo silo lililonipeleka nilikokwenda.

Kazi yangu ni kusoma kamusi za shule kabla hazijachapwa. Juzi mkuu wangu, Bi Mwantumu, alinipa ukurasa wenye neno la Kiingereza "run", akasema maana zake zimefika thelathini na moja, nafasi haitoshi, nibakize kumi. Nikamwambia wa kulaumiwa ni Waingereza. Sisi mtu akikimbia anakimbia, maji yakitiririka yanatiririka, nguo ikichuja inachuja, mtu akigombea udiwani anagombea, na mashine ikifanya kazi inafanya kazi. Kila mmoja ana kitenzi chake na mlango wake. Wao wameushindilia ukoo mzima katika chumba kimoja.

"Kingalu," akasema Bi Mwantumu, "sikukuomba hotuba."

Nikaenda na ukurasa nyumbani. Nilifuta ishirini, zikabaki kumi na moja. Nikajilaza mkekani sebuleni, pembeni ya mashine ya kutotolesha vifaranga ya mke wangu, Mama Mboni, nikawa nawaza ipi niondoe.

Mashine ile ina mayai sitini, na jana ilikuwa siku ya ishirini na moja. Ni mara ya tatu anajaribu. Mara ya kwanza umeme ulikatika, mara ya pili joto lilizidi, yakaiva. Siku hiyo Mama Mboni alikaa juu ya ndoo akalia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. "Haya yakiharibika sijaribu tena," aliniambia, na mke wangu akisema hivyo hana masihara.

Basi, nimesimama kwenye ua wa nyumba ya kupanga ambayo sijawahi kuiona. Kuna mlango mmoja umeandikwa RUN. Wapangaji wote wako nje na vyombo vyao, wamepanga foleni: bomba la maji, saa ya ukutani, pua yenye mafua, mgombea udiwani aliyevaa fulana yenye picha yake mwenyewe, kanga nyekundu inayochuja rangi na kuwapaka wote waliosimama nyuma yake. Wanasukumana kidogo, kwa adabu.

Mbele ya foleni kuna meza ya mjumbe wa nyumba kumi. Kitini umekaa muhuri.

"Mjumbe yuko wapi?" nauliza.

"Kaenda msibani," unajibu muhuri. "Siku zote mnamkuta yeye mnanikosa mimi. Leo mnikute mimi."

Ninasogea mezani.

Muhuri unasoma masharti. Anayetaka kubaki alete barua ya utambulisho ya mjumbe. Asiye nayo anahama, na akihama anahama na kitu chake. Bomba likihama, maji hayatatiririka tena popote duniani. Nafasi ni kumi.

"Na mimi ni nani hapa?" nauliza.

"Wewe ndiye dalali uliyeleta notisi."

Wote wananigeukia. Ninatazama viatu vyangu. Sina viatu.

Tisa wanapita bila tabu. Pua inapiga chafya juu ya barua yake na muhuri unagonga hapo hapo penye unyevu, unasema umepunguziwa kazi ya wino. Mgombea anataka kuhutubia kwanza, anaambiwa aingie ndani na vyombo vyake. Katikati ya hayo ua unakuwa ofisi ya Bi Mwantumu, na kabati la mafaili liko pale pale, ila hakuna anayeshtuka, nami nikaona si vizuri kushtuka peke yangu.

Imebaki nafasi moja, na wamebaki wawili wasio na barua.

Wa kwanza ni jamaa mwembamba wa bukta, anarukaruka pale pale alipo. Huyu ni Kimbia, maana namba moja katika ukurasa wangu wote.

"Mjumbe amekuja kwako mara saba hajakukuta," unasema muhuri.

"Nilikuwa nakimbia."

"Ndiyo maana huna barua."

Wa pili ni yai.

"Shikamoo, baba," linaniambia mimi, si muhuri.

"Marahaba. Na wewe umefuata nini hapa?"

"Nimekuja kwa niaba ya mashine. Yenyewe haiwezi kutoka, ikitoka tutapoa. Wenzangu hamsini na tisa wako ndani wanasubiri." Ubavuni lina tarehe iliyoandikwa kwa kalamu, na mwandiko ni wa Mama Mboni.

"Barua anapewa mhusika mwenyewe," unasema muhuri. "Haji mtu kwa niaba."

Hapo nikapandwa na hasira. Nimehangaika na ofisi miaka yote, kumbe hata usingizini zimenifuata!

"Hebu nisikilize, we kipande cha mpira," nikauambia muhuri. "Mashine iache mayai sitini yafe ili ije kukuamkia wewe?"

"Huo ndio utaratibu."

Nililichukua yai. Lilikuwa la baridi, baridi ya kutisha. Nikalitia kwapani.

"Baba, fanya haraka," likasema kwa sauti ndogo. "Mguu wangu wa kushoto siusikii."

Muhuri ukafikiri, ukajigusisha kwenye wino. Ukasema kuna njia moja. Asiye na barua anaweza kudhaminiwa na jirani anayemfahamu, ila jirani ana saini moja tu.

"Mashine naifahamu," nikasema. "Siku ishirini na moja tunalala chumba kimoja. Inakoroma kuliko mimi."

"Na huyu wa bukta?"

Nikamtazama. Nilimfahamu, mbona! Utotoni tulikuwa hatuachani. Tangu kitambi kiingie hatujaonana.

"Mzee Kingalu," akasema Kimbia, sasa ameacha kurukaruka, "chumba hiki nilikipanga mimi. Hawa wote nimewakaribisha mimi, mmoja mmoja. Nipe hata hapo nyuma ya mlango."

Nilimhurumia, sisemi uongo. Roho iliniuma. Lakini yai kwapani lilikuwa limenyamaza, na mimi nilikuwa namwona Mama Mboni juu ya ndoo.

Nikaitilia mashine saini. Muhuri ukaanguka juu ya karatasi, pa!

Kimbia hakugomba. Aliwapa wapangaji wote mkono, pamoja na pua, akakunja mkeka wake akaondoka. Alikwenda polepole sana, anajifunza kutembea.

Nikaamka. Nje mvua ilikuwa imeanza kwa nguvu. Mashine ilikuwa inakoroma kama kawaida, na nilipochungulia kwenye kioo chake nikaona yai moja limetoboka, mdomo mdogo unagonga kutoka ndani. Nilisahau ndoto yote.

"Mama Mboni! Njoo! Linapasuka!"

Alikuwa mwisho wa ua anaanua nguo. Akapiga kigelegele, akatupa shuka zote kwenye tope, akaja.

Akaja anatembea.

Mguu mmoja, kisha mwingine, mikono ameinyoosha mbele kuelekea mlangoni, mvua na machozi vinamtiririka usoni. Ng'ambo ya ua watoto wa jirani walikuwa wanarudi kutoka mpirani, wamelowa chapachapa, wanatembea. Kuku wao naye alikuwa anatembea, na mbwa nyuma yake, hakuna anayemfikia mwenzake.

"Mama Mboni, mbona hukimbii?"

"Sijui!" akalia. "Baba Mboni, miguu haitaki! Limepasuka lote au bado? Niambie!"

Nikatoka nimchukue mkono. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote, nikafika kwa kutembea. Tukarudi pamoja, hatua kwa hatua, mke wangu ananikaba mkono na kuniuliza umebaki mwendo gani, ilhali mlango anauona.

Tulipoingia, kifaranga alikuwa ameshatoka na amesimama juu ya ganda lake, anatutazama. Mama Mboni akapiga magoti mbele ya kioo, akacheka, kisha akanigeukia akaniuliza alivyotoka alitokaje. Nikamwambia sikuona, nilikuwa nimekwenda kumchukua yeye.