Panga la Mita Thelathini

Kabla hajagusa mtambo wa upepo, Mshonaji alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa na cherehani mbili, chumba kimoja kilichotazama barabara, na mkasi ambao hata mama yake mzazi hakuruhusiwa kukatia karatasi. Asubuhi moja kaka yake aliingia na bunda la kitambaa cheupe kinachong'aa. Mshonaji akakishika, akakivuta huku na kule.

"Kitambaa gani hiki hakivutiki?"

"Kimefumwa kwa nyuzi za kioo. Nataka unikatie mapanga matatu."

"Mapanga ya kukata nini?"

"Upepo," akasema kaka, wala hakuwa anatania.

Kaka huyo mtaa mzima ulimwita Mota, maana kazi yake ilikuwa kusuka upya mota zilizoungua. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na mikono iliyoendana na maneno hayo. Miezi minne alikuwa akihangaika na mtambo mdogo wa kufua umeme kwa upepo. Mashine yenyewe ilimtii, lakini mapanga yake yalimshinda. Kitambaa kile hulowekwa gundi, hulazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu ya mbao, kisha huachwa kikauke kiwe kigumu kama mfupa. Ya kwake yalitoka na makunyanzi kama shati lililolaliwa, na yalipozunguka kwa kasi yalipasuka.

Mshonaji aliyatazama mara moja tu akaona kosa.

"Unakata bila kuangalia uzi unaelekea wapi. Hii ni kama suruali, kaka. Ukikosea uzi, mguu mmoja utakwenda sokoni, mwingine utabaki nyumbani."

Walifanyia kazi juu ya meza ya chakula ya wifi yake, kwa kuwa ndiyo pekee iliyotosha kwa urefu. Wifi alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Gundi ikidondoka kwenye meza yangu, nyinyi wawili mtalala hukohuko juu ya mtambo wenu."

Gundi ilidondoka. Meza haikupona, lakini mapanga yalitoka laini kama ganda la yai. Mtambo uliposimikwa juu ya paa la karakana na taa ikawaka, aliyekuwa wa kwanza kupiga vigelegele ni wifi huyohuyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio hata Mshonaji mwenyewe akawa anajifinya kuhakikisha haoti. Shule moja ya bweni ilitaka mtambo wa kuvuta maji. Zahanati ikafuata, na wafuga kuku wakafuata zahanati. Mwaka wa tatu walihamia kwenye ghala kuukuu la saruji. Mwaka wa sita watu mia moja na thelathini waliingia getini kila asubuhi, na nusu ya kitengo cha mapanga walikuwa mafundi cherehani ambao Mshonaji aliwatoa mmoja mmoja vibarazani mwao. Aliwafundisha kwa ukali na kwa mzaha. Mtu akiacha kiputo cha hewa chini ya kitambaa, alimwita na kumwonyesha kwa kidole: "Njoo umwamshe mwenzio, amelala humu ndani."

Mapanga yakarefuka. Walianza na mita tatu, wakafika tisa, na siku lilipotoka la kwanza la mita ishirini na moja, mji ulisimama. Lori lilitembea mwendo wa bibi harusi. Kwenye kona ya benki likakwama, kwa sababu ncha ya panga ilikuwa inakaribia kugonga kibao cha duka la miwani. Mshonaji, aliyekuwa akitembea kwa miguu nyuma ya lori, alinyoosha mkono dereva asimame.

Mwenye duka alitoka, akapima kwa macho, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na ngazi na bisibisi. Akakifungua kibao chake mwenyewe, skrubu moja baada ya nyingine, huku barabara nzima ikimtazama.

"Piteni," akasema, "ila huko mnakokwenda mkawaambie mlilipitisha kwangu."

Panga lilipita ukuta kwa nafasi ya vidole viwili. Watu waliokuwa kwenye madirisha ya ghorofa walipiga makofi, na Mshonaji, mtu asiyependa kuonekana, alijikuta akiwapungia mkono kama mgombea ubunge.

Ilikuwa miaka mizuri, na kama ilivyo kwa miaka mizuri, hakuna aliyeona ilipoanza kugeuka. Kwanza simu za wateja zilipungua. Kisha ikajulikana kwamba kampuni kubwa kutoka mbali imeingia sokoni, inauza mitambo mirefu mara mbili, kwa bei ya chini, na inakuja na mafundi wake na kreni zake. Kitengo cha mota kikaanza kufanya kazi siku tatu kwa wiki.

Mota hakuwa mtu wa kushika tama. Juu ya vilima vya nje ya mji palikuwa panajengwa kituo cha mitambo arobaini, na waliokuwa wakikijenga walikuwa bado hawajachagua mtengenezaji. Alimwita dada yake ofisini.

"Tutengeneze la mita thelathini, mdogo wangu. Likifaulu majaribio, watatusikiliza."

"Hatujawahi."

"Hata la mita tatu tulikuwa hatujawahi."

Mshonaji akajifunga kibwebwe. Wiki kumi na moja kitengo kizima kiliishi kwa ajili ya panga lile. Walirefusha kalibu mpaka ikatokea nje ya ghala, wakaijengea kibanda. Wiki ya kumi Mota alitaka litolewe siku mbili kabla ya wakati, apate kumwahi mkaguzi wa majaribio. Mshonaji akakaa juu ya kalibu kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha sebuleni.

"Gundi haijakomaa. Ukitaka kulitoa leo, nitoe na mimi."

Mota alimjua dada yake. Akampigia mkaguzi na kumwomba asogeze tarehe.

Siku ya majaribio shina la panga lilifungwa kwa boliti kwenye ukuta wa zege, na mifuko ya mchanga ikaanza kuning'inizwa kwa kamba, kutoka shinani kuelekea ncha. Mkaguzi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alisema masharti mara moja tu: mzigo ukishakamilika, panga libebe dakika kumi bila kuvunjika. Wafanyakazi wote walikuja, hata waliokuwa zamu ya mapumziko. Hapakuwa na pa kuweka mguu.

Mfuko baada ya mfuko, ncha ikashuka. Ikashuka mita moja, mbili, tatu unusu. Panga lilikuwa limejikunja kama upinde, na mfuko wa mwisho ulipofungwa likalia: kach!

Mtu mmoja akafunika macho. Mota akamgeukia dada yake. Mshonaji alikwisha chuchumaa shinani, sikio na kiganja vikiwa juu ya panga. Likalia tena. Alijua sauti ya kitambaa kinachokatika, nayo haikuwa hiyo.

"Rangi," akasema. "Ni rangi ya juu inayopasuka. Ndani limetulia."

Dakika ya sita. Ya nane. Mia moja na thelathini walikuwa wakipumua kwa zamu. Mkaguzi alitazama saa, akatazama chombo chake cha kupimia, akasubiri mpaka sekunde ya mwisho, ndipo akasema, kwa sauti ileile ya chini, "Limebeba."

Kilichofuata hakielezeki. Mafundi cherehani walimnyanyua Mshonaji juujuu, kiatu chake kimoja kikapotea na hakikuonekana tena. Mota alilia hadharani, akawa hajali nani anamwona.

Wiki tano baadaye watu wa kituo cha vilimani walichagua ile kampuni kubwa. Walikiri kwamba panga ni zuri. Lakini wao walitaka mitambo arobaini kwa miezi minane, na ghala lile, hata watu wasipolala, lisingetoa zaidi ya kumi na mbili. Mota aliwakusanya wafanyakazi, akawaambia mwenyewe, amesimama, bila kuzunguka. Kufikia mwisho wa mwaka geti lilifungwa. Leo mle ndani wanahifadhi magodoro.

Panga la mita thelathini lilichukuliwa na chuo cha ufundi, wakaomba likatwe vipande ili wanafunzi waone tabaka zake. Mshonaji alikwenda kulikata mwenyewe, kwa sababu hakutaka mtu mwingine aligeuze kuni. Vipande vilipofunguka hakukuwa na kiputo hata kimoja. Mwalimu alipitisha kidole juu ya mkato, akamwuliza kama angependa kufundisha. Akafundisha, siku mbili kwa wiki, na siku zilizobaki akarudia sare za shule.

Msimu wa pili wa mvua tangu kituo kianze kazi, radi ilipasua panga la mtambo wa kumi na saba kule vilimani. Kampuni kubwa ilisema mafundi wake watafika baada ya miezi mitatu. Mkuu wa kituo hakuwa na subira hiyo. Akaulizia mjini, akaelekezwa kwenye chumba chenye cherehani mbili.

Ndivyo Mshonaji, mwenye miaka arobaini na sita, alivyojikuta akining'inia kwa kamba mita sitini kutoka ardhini, begi la kitambaa na gundi kiunoni, mbele ya panga la watu waliowafungia geti. Alitazama chini mara moja, akaishika kamba kwa mikono miwili. Kisha akagusa ufa, na hofu ikamtoka. Mkononi ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Mota alikuwa chini na redio ya mkononi, akisema bila kupumzika.

"Vipi huko? Mbona kimya? Mdogo wangu, nijibu."

"Kaka, ukinyamaza nitamaliza."

Alifanya kazi siku nne. Siku ya tano, gundi ilipokuwa imekomaa, mkuu wa kituo aliachia breki. Mapanga yalisitasita, yakaanza kuzunguka, taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka mlio wake ukawafikia pale chini. Mota alimkumbatia dada yake na kofia yake ngumu kichwani.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshafungua daftari. "Namba tisa nao una ufa mdogo," akasema. "Na ishirini na mbili. Na thelathini."

"Nipe wiki moja," Mshonaji akasema. "Kuna wanawake kumi na mmoja wa kitengo changu cha mapanga, nataka kwanza niwapigie simu."