Mgeni Aliyeletwa na Popo

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, mwaka 1973, saa nne asubuhi, fundi wa vitasa Kyungu alikuwa akipaka mafuta kitasa cha nyumba namba 14, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi. Popo alitua juu ya mkalitusi na kumshusha mgeni. Mgeni huyo alikuwa wa duara, ukubwa wa chungwa, na mwili wake ulijaa misumari midogo yenye ncha zilizochongwa kama meno ya ufunguo. Popo alikuwa amemchukua kutoka mbali bila kuugua, kama treni ya Kasaji inavyochukua abiria.

Mgeni alijiviringisha hadi mlangoni, akaingiza msumari mmoja kwenye kitasa. Ulikaa sawasawa. Mkasi wa nyumba yenyewe ukashuka kutoka mezani, ukakata kamba iliyomfunga mgeni mwilini. Hapo misumari ikafyatuka, ikachoma ukuta, kisha ikajikunja kama kisu cha mfukoni na kuvuta ngozi ya mgeni mpaka ikagusana na ukuta, vikawa kitu kimoja. Kyungu alipitisha kidole. Hapakuwa na tundu wala ufa.

"Kazi ya mutu mwenye alisoma," alisema, akaendelea kupaka mafuta.

Mchana watu wa namba 14 walilala na homa, na madirishani mwao wakatoka wageni mia mbili waliofanana naye.

Kwenye nyumba za mainjinia misumari iliteleza, na wageni wakakaa barazani mpaka jua likawakausha. Watu walisema mainjinia wana damu nzito. Kyungu alijua ni vitasa tu: kila injinia alikuwa na chake. Nyumba mia sita na kumi na mbili za wafanyakazi zilikuwa na kitasa cha aina moja, ili mkuu wa kambi azifungue zote kwa ufunguo mmoja. Kila Alhamisi, wanaume wakiwa kwenye mashimo ya mgodi, mkuu huyo aliingia bila hodi, akafunua masufuria, akahesabu mikeka. Kyungu ndiye aliyevifunga vitasa hivyo kwa mikono yake.

Mke wake, Mianda, alikuwa ametoka kuugua mapafu, na muuguzi alisema homa nyingine haitamwacha hai. Basi Kyungu alichonga kitasa kipya chenye jino moja la upande, akakifunga mlangoni kwake. Siku mbili mmoja wa wale wageni alijaribu msumari mmoja baada ya mwingine, bila hasira. Kyungu alimheshimu kwa hilo.

Alhamisi alifika mkuu wa kambi, Nkulu, ambaye mpaka mwaka uliotangulia, serikali ilipopiga marufuku majina ya Kizungu, aliitwa Louis.

"Citoyen Kyungu, fungulo yangu inakatala."

"Haikatale, chef. Ni hii serrure ya mulango ndiyo haikujue."

"Utoe ile. Sasa hivi."

Kanuni ya kambi ilitaja mlango wa nje tu. Kyungu alikitoa kitasa chake, akarudisha cha zamani, kisha akakifunga kile kipya kwenye mlango wa chumba cha kulala. Alimweka Mianda ndani na maji na bukari, ugali wa kwao, akampa ufunguo. Yeye akaketi sebuleni kumsubiri mgeni.

Mgeni hakukawia. Aliungana na ukuta kando ya kalenda, na Kyungu, meno yakigongana kwa homa, hakuondoa macho.

"Tata, uko unafanya nini pale?" Mianda aliuliza kwenye tundu la ufunguo.

"Niko naangalia. Huyu ni fundi."

"Fundi gani? Anakuletea homa."

"Fundi ni fundi, mama. Haachake alama."

"Basi umusalimie. Umuambie huku ndani hakuna kiti."

Siku ya saba Kyungu aliinuka, amekonda, suruali ikimshuka. Mianda alikuwa mzima. Yule popo na wenzake walikuwa bado wananing'inia kwenye mkalitusi, wanene, wamelala.

Alhamisi hiyo Nkulu alifungua mlango wa nje kwa ufunguo wake na kuingia. Alifunua sufuria. Alihesabu mikeka. Akafika kwenye mlango wa chumba, akaingiza ufunguo, ukagoma. Alitoa daftari lake akaandika.

"Na hii pia," alisema. "Nikirudi jeudi yenye inakuya, nisiikute."

"Ndiyo, chef."

Ndani, Mianda alizungusha ufunguo mara ya pili, akazidi kufunga. Kitasa hakikutoa sauti yoyote.